Kuelekeza Barua Pepe za Watumiaji kwenye Seva ya Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Msimamizi

Seva ninayoisimamia hapa Tabora inahudumia taasisi nne: chama cha wafugaji nyuki, shule ya sekondari, zahanati na chama cha kuweka na kukopa. Zote zinachangia gharama za seva moja ya kukodi, na kila moja ina kikoa chake, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. Ombi ninalolipokea mara nyingi kuliko mengine yote ni kwamba barua za ofisini zifike kwenye anwani ya binafsi ambayo mhusika ameizoea kwenye simu yake. Ni ombi la haki kabisa, kwa kuwa katibu wa chama cha wafugaji nyuki anaweza kukaa porini wiki nzima wakati wa kurina asali na hana sababu ya kufunga safari ya kurudi mjini ili tu afungue kompyuta ya ofisi.

Mwaka wa kwanza nililitimiza ombi hilo kwa mstari mmoja na nikadhani kazi imekwisha. Baada ya majuma kadhaa katibu alinipigia simu: "Kijana wangu, mnunuzi wa Dar es Salaam anasema ameniandikia mara mbili, mbona mimi sioni kitu?" Nilipofungua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, nikakuta barua zote mbili ziliingia kwenye seva yetu salama, zikatumwa kwenda kwenye anwani yake ya binafsi, na huko zikakataliwa kwa msimbo 550. Taarifa ya kukataliwa ilikwenda kwa mnunuzi, si kwa katibu wala kwangu, tena ikiwa na anwani binafsi ya katibu ambayo mnunuzi hakupaswa kuijua. Kwenye seva hakikubaki hata nakala. Mwongozo huu umepangwa ili jambo hilo lisimpate mtu mwingine. Mifano yake ni ya mfumo wa Linux wenye Postfix (programu inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (programu inayotunza vikasha na kuwafungulia watumiaji), na majina ya vikoa yanayoishia na example.org, example.net au example.com yametengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo yabadilishe uweke ya kwako.

Kinachotokea barua inapoelekezwa

Kila barua pepe ina anwani za aina mbili. Kuna anwani zinazoonekana ndani ya barua yenyewe, kwenye vichwa vya "From" na "To", na kuna anwani za bahasha, ambazo seva huzitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe na ambazo msomaji kwa kawaida hazioni. Seva yako inapoelekeza barua, inaandika mpokeaji mpya juu ya bahasha, lakini mtumaji wa bahasha anabaki yule yule wa mwanzo. Kwa hiyo seva ya mbali inaona barua inayodai kutoka kwenye kikoa cha mnunuzi wa Dar es Salaam, ilhali imeletwa na seva isiyojulikana na mnunuzi huyo.

Hapo ndipo rekodi ya SPF inapogoma. SPF, ambayo kiwango chake cha sasa ni cha mwaka 2014, humruhusu mwenye kikoa kutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na seva yako haimo kwenye orodha ya mtu mwingine. DKIM, ya mwaka 2011, ni saini inayosafiri ndani ya barua na hubaki halali mradi hakuna aliyegusa mwili wa barua wala vichwa vilivyosainiwa. DMARC huangalia kama angalau kimoja kati ya hivyo viwili kimefaulu na kinalingana na kikoa kinachoonekana kwenye "From". Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti, na kila anayewatumia barua anatakiwa awe na SPF au DKIM, huku wanaotuma barua nyingi (kwa Google, takriban 5,000 au zaidi kwa siku) wakitakiwa wawe na vyote viwili pamoja na DMARC. Kuelekeza barua, basi, ni kuituma upya, na anayetuma upya anabeba wajibu wa mtumaji.

Hatua ya kwanza: uliza kama kuelekeza kunahitajika

Kabla ya kugusa faili lolote, muulize mtumiaji anachotaka hasa. Kama anataka tu kusoma barua za ofisi kwenye simu, mfungulie akaunti hiyo hiyo kwenye programu ya barua ya simu yake kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva) kupitia mlango 993, na kutuma kupitia mlango 465 au 587 kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Barua zinabaki kwenye seva, majibu yanatoka kwa anwani ya ofisi, na hakuna kinachotumwa upya. Mimi humaliza sehemu kubwa ya maombi kwa njia hii, na ninakushauri uanzie hapo. Kwa zahanati nimeifanya kuwa sharti, kwa kuwa barua zake zinaweza kuwa na habari za wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti kwa taarifa za aina hiyo zinapopelekwa nje ya nchi, mahali ambapo seva za anwani nyingi za bure zilipo.

Hatua ya pili: tenganisha watumiaji wa vikoa mbalimbali

Kosa la hatari zaidi kwenye seva ya pamoja liko hapa, nami naomba msomaji asiliharakishe. Ukiweka vikoa vyote kwenye `mydestination`, orodha ya vikoa vinavyohesabiwa kuwa vya seva yenyewe, Postfix huvihesabu vyote kuwa nyumba moja: katibu wa shule na katibu wa wafugaji nyuki wanakuwa mtu mmoja, na barua ya mzazi anayelalamikia matokeo ya mwanawe inaweza kuishia kwa mfugaji nyuki. Faili la `/etc/aliases` nalo halitofautishi kikoa na kikoa, linaangalia jina lililo kabla ya alama ya @ peke yake.

Tengeneza kwanza akaunti za ndani zenye majina yasiyogongana, kwa mfano `katibu-nyuki` na `katibu-shule`. Kisha, ndani ya `/etc/postfix/main.cf`, andika:

```
virtual_alias_domains = nyuki.example.org shule.example.org
virtual_alias_maps = hash:/etc/postfix/virtual
home_mailbox = Maildir/
```

Hakikisha vikoa hivyo havionekani tena kwenye `mydestination`. Aina ya jedwali inayokubalika hutegemea mfumo wako. Amri ya `postconf -m` itakuonyesha, na kama `hash` haimo kwenye orodha, tumia `lmdb`. Mstari wa tatu unaifanya kila barua iwekwe kama faili lake peke yake, jambo linalopunguza hasara pale umeme au diski inapoleta shida katikati ya kuandika. Halafu ndani ya `/etc/postfix/virtual` andika:

```
katibu@nyuki.example.org      katibu-nyuki
katibu@shule.example.org      katibu-shule
postmaster@nyuki.example.org  msimamizi
postmaster@shule.example.org  msimamizi
```

Maliza kwa `postmap /etc/postfix/virtual` na `postfix reload`. Ili kuthibitisha, andika `postmap -q katibu@nyuki.example.org hash:/etc/postfix/virtual`, jibu linapaswa kuwa `katibu-nyuki` na si kingine. Anwani ya postmaster usiiache kwa kikoa chochote, kwa maana huko ndiko wasimamizi wa seva nyingine watakakokuandikia watakapokuwa na malalamiko.

Utaona kwamba jedwali hili halina anwani hata moja ya nje. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Jedwali la msimamizi linaelekeza ndani tu, na kutoka nje ni uamuzi wa mtumiaji mwenyewe, unaowekwa kwenye akaunti yake, mahali anapoweza kuuona na kuufuta. Yakichanganywa, baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka nani aliomba nini.

Hatua ya tatu: faili la .forward

Mtumiaji mwenye saraka yake ya nyumbani anaweza kuelekeza barua kwa faili liitwalo `.forward`, likiwa na nukta mbele ya jina. Ndani yake unaandikwa mstari mmoja:

```
\katibu-nyuki, anwani-ya-simu@example.net
```

Alama ya mkwaju wa kinyume (`\`) mbele ya jina la akaunti ndiyo yenye uzito. Inaiambia seva iweke nakala kwenye kikasha cha ndani bila kulisoma tena faili hili, kisha ndipo itume nakala nyingine nje. Ukiandika anwani ya nje peke yake, hakuna nakala inayobaki, na ukikataliwa huko nje barua imepotea kama zile mbili za mnunuzi wa asali. Kwenye seva yangu siruhusu `.forward` isiyo na sehemu hiyo ya kwanza, na ninaikagua kila nikifungua akaunti mpya.

Baada ya kuandika, rekebisha umiliki na ruhusa:

```
chown katibu-nyuki /home/katibu-nyuki/.forward
chmod 600 /home/katibu-nyuki/.forward
```

Postfix hulipuuza faili ambalo si la mtumiaji mwenyewe wala la ruti (root, akaunti kuu ya mfumo), na hulipuuza pia faili ambalo kila mtu anaweza kuliandika. Linapopuuzwa, barua huishia kimya kimya kwenye kikasha cha ndani, huku onyo likibaki kwenye logi peke yake. Niliwahi kutumia asubuhi nzima kutafuta tatizo kwenye DNS (mfumo wa rekodi za vikoa), kumbe mtumiaji alilipakia faili lake kwa programu iliyoliacha na ruhusa 666. Tangu siku hiyo amri ya kwanza ninayoandika mtu anapolalamika ni `ls -la` kwenye saraka yake.

Kuna jambo la usalama pia. Kwa kawaida `.forward` inaweza kuipa barua programu ya kuendesha, ikiwa mstari umeanza na alama ya bomba (`|`). Kwenye seva ya watu wengi sioni sababu ya kuwaachia watumiaji uwezo huo, kwa hiyo ndani ya `main.cf` ninaandika:

```
allow_mail_to_commands = alias
allow_mail_to_files = alias
```

Hatua ya nne: Sieve, kwa wasiotumia dirisha la amri

Katibu wa chama hataandika `chmod`, wala hapaswi. Kwa watumiaji kama yeye njia nzuri zaidi ni Sieve, lugha ndogo ya kuchuja barua ambayo Dovecot huielewa kupitia nyongeza ya Pigeonhole. Mtumiaji anaweza kuiandika kupitia ukurasa wa barua wa wavuti, na seva huipokea kwa mlango 4190. Ili ifanye kazi, Postfix lazima iikabidhi Dovecot kazi ya mwisho ya kuweka barua kikashani:

```
mailbox_transport = lmtp:unix:private/dovecot-lmtp
```

Kuanzia hapo mahali pa kikasha panaamuliwa na Dovecot, kwa hiyo hakikisha mpangilio wake nao unaelekea kwenye Maildir. Ndani ya sehemu ya LMTP ya Dovecot, yaani njia ambayo Postfix huikabidhia barua, ongeza `sieve` kwenye orodha ya nyongeza. Kanuni ninayowapa watumiaji wangu ni hii:

```
require ["copy", "fileinto"];

if header :contains "X-Spam-Flag" "YES" {
    fileinto "Junk";
    stop;
}

redirect :copy "anwani-ya-simu@example.net";
```

Neno `:copy` linafanya kazi ile ile ya mkwaju kwenye `.forward`: bila hilo, `redirect` huondoa nakala ya ndani. Mpangilio wa mistari nao una sababu. Barua taka zinatengwa kwanza, kisha kilichobaki ndicho kinachoelekezwa, kwa kuwa kila taka unayoituma nje inahesabiwa kwamba imetoka kwenye anwani yako ya IP, na anwani hiyo wanaitumia wote. Taka za mtumiaji mmoja zinaweza kuifanya barua halali ya mwalimu mkuu ikataliwe. Mfano huu unachukulia kwamba SpamAssassin inaweka alama kwenye barua kabla hazijafika kwa Dovecot. Kama unatumia chujio lingine, angalia linaandika kichwa gani na ubadilishe ipasavyo.

Chagua moja kati ya Sieve na `.forward` kwa kila mtumiaji. Zikiwepo zote mbili, simu itapokea barua mbili mbili.

Hatua ya tano: andika upya mtumaji wa bahasha

Dawa ya tatizo la SPF inaitwa SRS. Seva yako inabadilisha anwani ya mtumaji kwenye bahasha, inaweka kikoa chako, na kuihifadhi ile ya mwanzo ndani yake kwa namna inayoweza kufunguliwa tena. Anwani `ununuzi@example.com` inakuwa kitu kama hiki:

```
SRS0=a1b2=XY=example.com=ununuzi@example.org
```

Faida ni mbili. Seva ya mbali inapoangalia SPF, inaangalia kikoa chako, na hapo seva yako imeruhusiwa. Pia, barua ikikataliwa, taarifa inarudi kwanza kwenye seva yako, hivyo unaiona kwenye logi zako badala ya kuisikia kwa mtu mwingine. Kwa Postfix, programu ya kazi hii ni PostSRSd. Katika toleo lake la kwanza mistari inayohitajika ni hii:

```
sender_canonical_maps = tcp:localhost:10001
sender_canonical_classes = envelope_sender
recipient_canonical_maps = tcp:localhost:10002
recipient_canonical_classes = envelope_recipient,header_recipient
```

Toleo la pili linatumia soketi badala ya milango hiyo, kwa hiyo fuata maelekezo yanayokuja na kifurushi chako. Kwenye mipangilio ya PostSRSd, taja vikoa vyako vyote katika orodha ya visivyoguswa, ili barua ambazo watumiaji wako wanaziandika wenyewe zisibadilishwe. Faili lenye neno la siri lisomwe na programu hiyo peke yake, kwani anayelijua anaweza kutengeneza anwani za SRS zinazokubalika na seva yako. Usishangae kuona `SRS0` kwenye Return-Path (kichwa kinachoonyesha mtumaji wa bahasha) hata kwa barua zilizoishia ndani. Ndivyo mpangilio huu unavyofanya kazi, na hauna madhara.

Kikoa cha SRS lazima kiwe na rekodi zake kamili kwenye DNS. Kwa uchache weka SPF inayoitaja seva yako, kwa mfano `v=spf1 mx ip4:192.0.2.10 -all`, na umwombe aliyekukodisha seva aweke rekodi ya kurudi nyuma, ili anwani yako ya IP ijibu kwa jina lile lile ambalo seva hujitambulisha nalo.

SRS haitibu kila kitu. SPF ikifaulu kwa kikoa chako bado hailingani na "From" ya mnunuzi, kwa hiyo DMARC yake itategemea saini ya DKIM peke yake. Ndiyo maana usiongeze maneno chini ya barua inayoelekezwa, wala usiandike jina la taasisi mbele ya kichwa cha habari, hata kama mwenyekiti amependa wazo hilo. Herufi moja ikiongezwa mwilini, kwa kawaida saini inavunjika. Na kama mtumaji hana DKIM kabisa huku DMARC yake ikiagiza kukataa, kwa kawaida barua yake itakataliwa, na SRS haitaiokoa. Hapo kinachomwokoa mtumiaji wako ni nakala ya ndani.

Hatua ya sita: jaribu kutoka nje, kisha soma logi

Tuma barua ya majaribio kutoka kwenye anwani ya tatu, isiyo ya seva yako wala ile unayoelekezea. Ukiituma kutoka kwenye Gmail ile ile inayoelekezewa, Gmail huitambua kuwa ni barua uliyoituma mwenyewe na haikuonyeshi nakala iliyorudi kikashani. Utadhani umeshindwa, kumbe umefaulu. Halafu fungua `/var/log/mail.log`, au `/var/log/maillog` kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat, au tumia `journalctl`, na utafute mstari wa namna hii:

```
to=<anwani-ya-simu@example.net>, orig_to=<katibu@nyuki.example.org>, dsn=2.0.0, status=sent
```

Sehemu ya `orig_to` inakuonyesha anwani ya mwanzo. Neno `sent` maana yake seva ya mbali imeipokea, ingawa bado inaweza kuwa imeiweka kwenye folda ya taka, kwa hiyo mwombe mtumiaji aangalie huko pia. Neno `deferred` maana yake seva itajaribu tena, na misimbo inayoanza na 4 ni ya muda. Neno `bounced`, pamoja na misimbo inayoanza na 5, maana yake imekataliwa moja kwa moja. Lazima upate mistari miwili ya mafanikio kwa kila barua: mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Ukiona mmoja tu, rudi hatua ya tatu, au ya nne kama mtumiaji anatumia Sieve.

Ukikuta maneno `mail forwarding loop`, barua inazunguka: mtumiaji ameielekeza nje, na huko nje pia ameweka maelekezo ya kuirudisha kwako. Futa upande mmoja, maana hakuna mpangilio wa seva utakaolisawazisha hilo kwa niaba yake.

Barua zilizokwama huonekana kwa `postqueue -p`. Kwa kawaida Postfix huendelea kujaribu kwa siku 5, kisha humrudishia mtumaji. Mtandao ukikatika mchana kutwa hakuna haja ya hofu. Ukirudi, andika `postqueue -f` na foleni itatembea. Usiifute foleni nzima kwa hasira. Soma barua moja moja kwa `postcat -q` na namba yake, na ufute ile tu uliyohakikisha kuwa ni taka.

Nafasi ya diski na watumiaji wanaoondoka

Nakala za ndani hujaza diski, hasa kwa mtumiaji ambaye hafungui tena kikasha cha ofisi. Weka kikomo kwa kila akaunti ndani ya Dovecot, na kwa makubaliano ya maandishi na taasisi husika, ondoa barua za zamani:

```
doveadm expunge -u katibu-nyuki mailbox INBOX savedbefore 26w
```

Amri hii haina kurudi nyuma. Badilisha kwanza neno `expunge` liwe `search` ili uone orodha ya kitakachofutwa.

Kama hukodi seva nzima bali nafasi tu yenye paneli ya kuongoza, kama cPanel, sehemu kubwa ya hatua hizi iko mikononi mwa mwenye seva. Wewe tengeneza kwanza akaunti kamili ya barua, kisha maelekezo juu yake, ili nakala ibaki, na umuulize kwa maandishi kama SRS imewashwa na ni barua ngapi unaruhusiwa kutuma kwa saa, kwa kuwa zinazoelekezwa nazo zinaweza kuhesabiwa humo.

Mtu anapoacha kazi, siku hiyo hiyo ondoa `.forward` yake au kanuni yake ya Sieve, badilisha nenosiri, na ubadilishe mstari mmoja tu kwenye `/etc/postfix/virtual` ili anwani ya cheo ielekee kwa anayeshika nafasi. Andika `postmap`, tuma barua moja ya majaribio, na usubiri uione kwenye logi ikiingia kwa jina jipya kabla hujaondoka mezani.